Sarafu za Marehemu Cibalonza

Mzee yule alifika bila kupiga hodi, saa mbili ya asubuhi, mvua ingali inachuruzika kwenye mabati. Inspekta Colombe Zagabe alikuwa amechutama barazani akichagua mawe kwenye maharagwe. Aliona kwanza viatu vya plastiki vilivyojaa matope, kisha suruali iliyolowa mpaka magotini, kisha uso asioujua.

"Ni wewe inspekta mwenye anafuata mambo ya zahabu ya bamama ba Cimpunda?"

"Ni mimi, Papa. Lakini inspekta bila ofisi."

"Hata mimi niko mupima zahabu bila mizani. Naitwa Gérard. Natoka Idjwi, na boti ya kwanza." Akavua kofia, akaikamua kama kitambaa cha kufutia vyombo. "Kama kuko chai sitakataa. Lakini tuanze na kazi."

Colombe alimpa kiti na chai. Hakuwa na kingine cha kumpa mtu aliyevuka ziwa kwa ajili ya kesi ambayo, kwa sheria, haikuwepo. Tangu vita viingie mjini, mahakama ilikuwa imefungwa. Muhuri wake, kamera yake na mafaili ya miaka kumi na mmoja vilibaki ndani ya kabati, na hakujua ufunguo ulikuwa kwa nani. Alibaki na daftari la shule na kalamu mbili. Hakuweza kumwita mtu, wala kumkamata, wala kumlazimisha kujibu. Aliweza kuuliza tu.

Kesi yenyewe ilianza na mabenki, ambayo nayo yalifungwa. Franga zilizobaki mjini zilizunguka mkono kwa mkono mpaka zikachakaa kama majani ya ndizi makavu, na dola yenye tobo la sindano hakuna aliyeipokea. Wanawake kumi na mmoja wa mtaa wa Cimpunda, waliokuwa wakiweka akiba pamoja kwa miaka sita, wakaamua kuigeuza akiba yao kuwa zahabu kabla haijawafia mikononi. Walinunua mara kumi. Kila mara walinunua uzito wa sarafu moja ya zamani, sarafu ambayo kila aliyepita machimbo ya Kamituga anajua ni gramu sita na nusu. Zahabu iliingia ndani ya kichupa cha dawa, kichupa ndani ya kisanduku cha kufuli tatu, na kisanduku kikawekwa chini ya kitanda cha Maman Yolande, aliyerithi sarafu hizo kwa marehemu mama yake, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa na mlango mzuri.

Wiki mbili zilizopita mmoja wao, Bintu, alitakiwa kupasuliwa tumbo. Walikipeleka kichupa kwenye nyumba ya kununulia zahabu. Walitarajia gramu sitini na tano. Mashini ikasema sitini.

Gramu tano, kwa Cimpunda, ni kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Bintu alipasuliwa, na fungu lake likatoshea kwa shida. Lakini wale wengine walitaka mwizi, na mwizi aliyekuwa karibu ni mwenye kitanda. Walikwisha kumnyang'anya Yolande simu yake iwe dhamana. Leo, saa saba, walikuwa na kikao kwenye ukumbi wa parokia. Asipojulikana mwizi mwingine, wangepanda kwenda kuezua mabati ya nyumba ya Yolande na kuyauza.

Colombe alikuwa amefuata njia mbili, na zote zikamtupa mtaroni. Ya kwanza ilikuwa jiko jipya la Yolande lililoezekwa mwezi uleule. Kaka yake wa Luvungi ndiye aliyelilipia, kwa mpunga wake, na dereva aliyeleta mabati alilithibitisha. Ya pili ilikuwa mikwaruzo kwenye kufuli moja. Kufuli hiyo ilikuwa ya Maman Élodie, rais wa kikundi, aliyeifungua kwa kisu siku ufunguo wake ulipopinda, mbele ya watu wanne. Ikabaki nta. Kila walipoongeza zahabu waliziba mdomo wa kichupa kwa nta ya mshumaa, na wenye funguo watatu wakakandamiza dole gumba kila mmoja. Siku ya kuuza, nta ilikuwa nzima, na vidole vitatu vilikuwa mahali pake.

Hakuna kilichotoka. Na bado zahabu ilipungua.

"Juzi nilisikia mu boti," alisema Mzee Gérard, "kwamba binti wa Cibalonza anaitwa mwizi. Mimi binti simujui. Najua sarafu za mama yake."

Alifungua kitambaa, fundo baada ya fundo, akaweka sarafu moja mezani. Ilikuwa na rangi ya fedha iliyofifia kidogo, lakini namba yake ilisimama wazi, na kingo zake zilikuwa kali.

"Makuta tano," alisema Colombe. "Ya wakati wa Zaire. Haiwezi kununua hata kiberiti."

"Hii imeshakufa mara ngapi, unajua?" Mzee alikunja vidole. "Noeli ya mwaka wa sabini na tisa, redio ilisema noti za zaire tano na kumi zimekwisha, turudishe benki kwa siku chache. Baba mukwe alikuwa na sanduku nzima. Alizitumia kuwashia moto wa kahawa mpaka Pasaka. Mwaka wa tisini na tatu, milioni tatu za zaire zikakuwa zaire moja mupya. Miaka tano tena, laki moja ya ile mupya ikakuwa franga moja. Kila mara serikali inaua feza, chuma yake inabaki. Shiye batu ba Kamituga tuliokota ile chuma, tukaweka ku mizani. Feza ilikufa. Uzito haikufa."

"Na hii ni ya Cibalonza?"

"Ni yangu. Mimi na yeye tulifungua rolo moja ya benki, sarafu zenye hazijashikwa na mutu. Akachukua nne, nikachukua moja. Yangu sijaipima kitu tangu nitoke Kamituga, imelala mu kitambaa. Yeye alinunulia zahabu na zake miaka makumi mbili na mitano." Akamaliza chai. "Weka hii karibu na zile. Utaona kama ni ndugu bado. Mimi narudi, kuko ng'ombe mwenye anazaa."

Alivaa kofia yake iliyolowa na kuondoka kama alivyokuja, bila kuaga vizuri.

*

Nyumba ya Maman Yolande ilikuwa juu kabisa, pale ambapo Cimpunda inaning'inia kwenye udongo na ngazi ni magunia ya mchanga. Yolande alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kidogo, na uwanja wake ulifagiliwa hata siku ya matope. Hakuuliza Colombe amefuata nini. Alimpa kiti, akabaki amesimama.

"Nionyeshe sarafu za mama."

"Za nini? Zahabu ndiyo ilipotea, sarafu zote ziko."

"Nizipeleke mahali, nizirudishe leo."

Yolande aliingia ndani, akatoka na kopo. Badala ya kumpa Colombe, alichuchumaa karibu na beseni, akachota kiganja cha majivu, akaongeza mchanga laini wa ziwani na nusu ya limau, akaanza kuzisugua moja moja kwa kipande cha gunia.

"Maman Yolande, nipe hivyohivyo."

"Sitoi kitu kichafu kwangu. Mama alisema uchafu ni uzito, na uzito wa uongo ni dhambi. Kila mara mbele ya kupima, tunasugua. Yeye alinifundisha niko na miaka saba. Hata mu siku tuliponunua ile ya mwisho, nilisugua mbele ya bote. Élodie mwenyewe alisema, kweli, nyumba ya Yolande ni nyumba ya wasafi." Akatabasamu kidogo, tabasamu likamfia. "Sasa nyumba ya wasafi ni nyumba ya bezi."

Colombe aliyatazama maji ya beseni. Yalikuwa ya kijivu. Alizipokea sarafu nne, zikawa baridi na laini kiganjani kama mbegu za maboga. Upande mmoja alitafuta namba, akaipata kwa shida, kama maandishi yaliyo chini ya karatasi nyingine. Alizitia ndani ya bahasha.

"Umeona kitu," alisema Yolande.

"Bado sijui nimeona nini."

"Basi uniahidi kitu kidogo. Ukipata jibu, hata likuwe baya namna gani, mimi nisikie wa kwanza. Lisinikute mbele ya bale bamama." Alikuwa akikausha mikono kwenye kikwembe chake, kidole baada ya kidole. "Kifo ya bwana yangu nilisikia ku soko ya Kadutu, kwa mama mwenye alikuwa ananipimia samaki ya sambaza. Alizania nimeshajua. Batu bote bakanitazama nitafanya nini. Sitaki tena kutazamwa vile."

"Utasikia wa kwanza," alisema Colombe.

Ilikuwa ahadi ndogo. Aliitoa kama mtu anavyotoa kalamu.

*

Papa Théodore, muuza zahabu aliyewauzia wale wanawake mara zote kumi, alikuwa akifunga ofisi yake karibu na bandari. Ilikuwa meza moja, viti viwili, kalenda ya kanisa na mashini ndogo ya kupimia iliyokuwa bado haijaingia katika sanduku. Mizigo mitatu ilikuwa tayari mlangoni.

"Inspekta," alisema bila kuinua kichwa. "Wa nani sasa?"

"Wa bamama kumi na mmoja."

"Basi uko na serikali kubwa kuliko zote zenye najua."

"Nikopeshe mashini dakika tano."

Aliisukuma mbele yake. Colombe aliweka kwanza sarafu ya Mzee Gérard. Namba nyekundu zilicheza kidogo, zikatulia: sita na nusu, kamili. Akaiondoa, akaweka ya kwanza ya Yolande. Sita na pointi sifuri mbili. Ya pili, tano na pointi tisini na tisa. Ya tatu, sita kamili. Ya nne, tano na tisini na nane. Alizirudia zote kwa mpangilio mwingine ili asijidanganye, na mashini haikubadili neno.

Aliandika kwenye daftari. Kila sarafu ilikuwa imeliwa nusu gramu. Walinunua mara kumi, na nusu gramu mara kumi ni gramu tano.

Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na majivu, mchanga, limau na wanawake wawili waaminifu, mmoja baada ya mwingine.

"Ulijua," alimwambia Théodore.

"Siku ya kwanza. Mimi kila fungu nalipima ku mashini mbele muteja hajafika. Nilikuwa natoa sita, bananilipa sita na nusu."

"Na ukanyamaza."

"Sikunyamaza." Aliketi juu ya mzigo mmoja. "Niliuliza: tutumie mashini ao sarafu zenu? Ni desturi, mununuzi anaweza kuleta uzito wake. Ile Maman yenu Élodie akasema, mashini ya muchuuzi inasema Kiswahili ya muchuuzi. Bote bakacheka. Na mimi nikacheka. Mutu akikulazimisha umupunje, utafanya nini?"

"Unamwambia, Maman, sarafu yako imechakaa."

"Inspekta, mu hii muji ukisema ukweli mara ya kwanza, hawakuamini. Mara ya pili huna tena biashara."

"Kwa sheria, ulijua uzito si wa kweli na ukapokea bei yake. Hiyo ina jina."

"Kwa sheria ya wapi?" aliuliza Théodore. Hakudhihaki. Aliuliza kama mgeni anavyouliza njia, na Colombe akatambua kwamba hakuwa na njia ya kumwonyesha. Ofisi ambayo angempeleka ilikuwa na makufuli mapya. Hakimu ambaye angemsikiliza alikuwa ng'ambo ya mpaka, akiuza maji kwa chupa, kama alivyosikia.

Théodore alitazama saa. "Ni saba kasoro robo. Boti yangu ya Goma ni saa nane, na familia yote. Sijui nitarudi lini. Sikiliza, uwalete bale bamama hapa sasa. Nitawaambia kwa kinywa yangu, wataona mashini, na nitawarudishia gramu mbili. Sina kosa. Nataka tu kuvuka maji na roho nyepesi."

"Uandike hapa, utie sahihi."

"Karatasi inatembea. Hapana."

"Nirekodi sauti yako kwa simu."

"Simu weka mufukoni."

"Basi nipe gramu hizo mbili niwapelekee."

"Nikupe wewe, bila mushahidi? Jioni watasema ilikuwa tatu na umekula moja. Uwalete, na bikwishe."

Colombe alitoka mlangoni akampigia Élodie. Kelele za ukumbi zilitangulia sauti yake.

"Umepata mwizi?" alisema Élodie.

"Muko wote hapo?"

"Bote, isipokuwa yeye. Tumemwambia abaki nyumbani mpaka tumwite."

"Mtumeni mtu amlete Yolande bandarini, na ninyi mje."

"Nani apande kule na hii matope? Na simu yake niko nayo mimi hapa mu sakoshi ya mukononi. Inspekta, kama uko na neno, shiye tunaweza kushuka na pikipiki, dakika kumi na tano. Yolande ataambiwa nyuma, tukishamaliza." Akashusha sauti. "Sema tu. Ni yeye?"

Colombe aliitazama bandari. Watu walikuwa wakipanga magodoro juu ya paa la boti. Neno moja, na wanawake kumi wangeshuka, mashini ingesema, Théodore angekiri, gramu mbili zingerudi, mabati yasingeguswa. Kesi ya kwanza kuimaliza tangu mahakama ifungwe. Na Yolande, juu kule, angewaona wakipanda kwake kwa kundi, tayari wanajua kwamba mkono wa mama yake na mkono wake ndiyo iliyokula akiba yao. Wangemtazama atafanya nini.

"Msiende kwa Yolande mpaka nifike," alisema. "Naomba hilo tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nifike."

"Tutangoja mpaka saa tisa, kwa heshima yako. Tukingoja zaidi, itakuwa heshima ya mwizi," alisema Élodie, akakata.

Théodore alikuwa amesimama mlangoni, mashini ikiwa mikononi. "Banakuja?"

"Hapana. Mimi naenda Cimpunda kwanza."

"Hutarudi mbele ya saa nane."

"Najua."

"Kuko nini Cimpunda?"

"Nilimwahidi mtu."

"Ahadi ya gramu ngapi?" Alicheka kidogo, kisha akaona Colombe hacheki, akaingiza mashini sandukuni na kufunga kifuniko.

*

Motari alimfikisha Colombe kwa pikipiki mpaka pale ambapo barabara ilikuwa imekatwa na udongo ulioporomoka. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, viatu mkononi. Mara mbili aliteleza. Mara ya tatu mama mmoja aliyebeba makaa alimshika kiwiko bila kusimama na bila kumwuliza jina.

Yolande alikuwa jikoni, sombe ya majani ya muhogo ikichemka. Alipouona uso wa Colombe aliweka mwiko chini.

"Hukuiba," alisema Colombe. "Hakuna mwenye aliiba. Kaa chini."

Alimweleza polepole, bila kuruka kitu. Sarafu ya mzee wa Idjwi. Mashini. Nusu gramu, mara kumi. Hakutaja majivu, lakini hakuhitaji. Yolande aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akatazama viganja, kama mtu anayetafuta doa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni sarafu."

"Sarafu haijisugui." Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetemeka. "Na mama? Aliwapunja batu miaka yote ile?"

Colombe alikuwa amelifikiria hilo njiani. "Mama alikuwa ananunua kwa wachimbaji. Mununuzi mwenye uzito mwepesi anapokea kidogo kwa bei ileile. Hakumpunja mtu. Alijipunja mwenyewe."

Yolande alitoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. "Tulikuwa tunajiuliza kwa nini mama wa zahabu anakufa bila godoro."

Honi ya boti ilipanda kutoka ziwani, ndefu, ikapita juu ya mabati ya mtaa mzima. Colombe aliigeukia. Kutoka pale ziwa lilionekana kipande tu, kati ya nyumba mbili, na boti haikuonekana.

"Ni nini?"

"Ni Théodore, muuza zahabu. Anaenda. Alikuwa tayari kusema yote mbele ya bamama, na kuwarudishia gramu mbili, kama ningewapeleka kwake kabla ya saa nane. Sasa shahidi hakuna. Sina karatasi, sina muhuri. Niko na sarafu hizi na neno langu, na Élodie anaweza kusema nimenunuliwa. Sijui kama watakubali, Maman Yolande. Mabati yako, sijui."

Yolande aliyatazama matope yaliyofika mpaka kwenye mapaja ya inspekta, na viatu alivyobeba mkononi.

"Ulijua ataenda, na ukapanda huku."

"Nilisema utasikia wa kwanza."

Yolande aliondoa sufuria motoni, akamimina maji kwenye beseni kwa ajili ya miguu ya mgeni wake, akaleta kigoda, akaketi mbele yake.

"Ile hesabu, uirudilie," alisema. "Polepole. Nataka niende kuwaambia mimi mwenyewe, na nisikosee."

Colombe aliingiza miguu ndani ya maji. Akafungua daftari juu ya magoti, akaanza tena tangu mwanzo: sarafu moja, nusu gramu.